Seva ya Mama Sikio

Hasira hasara, wanasema watu. Kwetu hasara ndiyo iliyotangulia, hasira ikaja nyuma, na mpaka leo ninapoandika haya bado nimekaa nayo. Anayetaka habari ya upole atafute pengine. Hii ni habari ya mama yangu, fundi wa kutengeneza cherehani, na ya kaka yangu mkubwa, na ya seva moja ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona kwa macho.

Mama alianza kama mshonaji katika kiwanda cha nguo, kwenye safu ndefu za wanawake walioshona kola kutwa nzima. Cherehani ilipokwama, mshonaji alikaa mikono mapajani akimngoja fundi wa mashine, mzee aliyetembea kana kwamba analipwa kwa kuchelewa. Mama hakuwa mtu wa kungoja. Akaanza kusikiliza. Anasema kila cherehani hulalamika mapema kabla haijagoma, ila watu wanapiga soga na hawaisikii mpaka sindano ikatike. Akawa anamwambia yule mzee, "Ile ya karibu na dirisha, meno yake ya kusukuma kitambaa yamelegea," na mzee akiifungua anakuta hivyo hivyo. Mwisho mzee akamchukua awe msaidizi wake, na wenzake wakamwita Sikio. Alipotuzaa sisi, akawa Mama Sikio.

Kiwanda kilipofungwa alihamia jengo la mafundi, kwenye ukumbi wa chini, ambako mafundi wa kila aina walibanana kwenye meza za pamoja. Hapo alikonda kwa kero. Mkasi wake ulikuwa unatembea wenyewe. Jirani akichomeka pasi, umeme wa ukumbi mzima unakatika. Mmoja akiwa na wateja wengi, wateja wa wengine hawapati hata pa kusimama. Baada ya miaka alipata chumba chake humo humo jengoni, kidogo, kinachofungukia mtaani, chenye mlango wake, swichi yake na kufuli lake. Siku ya kwanza alilala na ufunguo chini ya mto. Alikuwa mwanamke mwenye furaha, na wateja wa mbali walianza kumpigia simu. "Iweke simu karibu na mashine, halafu kanyaga," aliwaambia, na akishasikiliza kidogo anawaeleza skrubu ipi wakaze.

Kisha masikio yakaanza kumsaliti. Kwanza hakusikia simu ikilia. Baadaye akawa hasikii chuma kikavu kinapokwaruzana, na huo ndio mlio wa kwanza fundi wa cherehani anaoutafuta. Daktari wa masikio alimwambia kelele za kiwanda zimemla taratibu na zitaendelea kumla. Akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Mama akakivaa wiki moja, akakirudisha kwenye boksi lake. Alisema kinamletea kelele zote kwa pamoja, kama ukumbi wa chini.

Hakulia. Alisema, "Kabla hayajafa, nitayafanyisha kazi."

Akaanza kurekodi. Kila cherehani mbovu iliyoletwa, aliirekodi kwa simu kabla ya kuitengeneza, akairekodi tena ikiwa nzima. Ugonjwa uliokosekana aliutengeneza mwenyewe: alilegeza skrubu, alipinda sindano kwa koleo, aliacha mashine bila mafuta mpaka ilie. Kila mlio akaupa jina. Sindano Iliyopinda. Mkanda Unaokohoa. Bobini Inayotafuna. Ndoano Iliyochelewa. Miaka ilipita hivyo, na kadiri milio ilivyoongezeka ndivyo yeye alivyozidi kuisikia kwa shida, mpaka mwisho akawa anabandika sikio la kushoto kwenye meza ya cherehani, amefumba macho, akihakikisha kwamba huu kweli ni ule anaoufikiria. Nataka msomaji alielewe hili vizuri, maana ndilo lililonipandisha damu kichwani: milio ile isingeweza kurekodiwa mara ya pili. Mtu pekee aliyejua upi ni upi alikuwa anaingia kwenye ukimya.

Kaka ndiye aliyemtengenezea tovuti. Sitamnyima haki yake. Kaka anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya vioo, na nyumbani tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu tangu utotoni hawezi kuomba chumvi mezani bila hotuba. Tovuti yake ilikuwa nzuri: jina la ugonjwa, picha ya sehemu ya kuangalia, na kitufe cha kubonyeza usikie mlio. Mafundi wa miji ya mbali walikuwa wanaweka simu juu ya cherehani zao, wanasikiliza wa mama, wanalinganisha na wao. Mzee mmoja alimwandikia kwamba alikuwa ameambiwa aitupe mashine ya marehemu mkewe. Amesikiliza milio, amekaza skrubu moja, na sasa inashona. Mama alinionyesha ujumbe huo mara nyingi mpaka nikaukariri.

Mwanzoni tovuti hiyo ilikuwa inazimika zimika. Mama alilalamika, na kaka akaja chumbani kwake kumweleza. Nilikuwepo, nimeleta kiatu cha mtoto kishonwe kwa jirani yake, mshona viatu.

"Mama, seva ni kompyuta tu, ila haizimwi," alisema Mheshimiwa, akipaza sauti upande wa sikio la kushoto. "Inakaa macho muda wote ili mtu akiitafuta tovuti yako aipate. Sasa tovuti yako iko kwenye seva ya pamoja. Unakumbuka ukumbi wa chini?"

"Niusahau vipi?"

"Ndiyo hivyo hivyo. Tovuti nyingi kompyuta moja, meza moja, umeme mmoja. Jirani akipata wateja wengi, wewe unakosa hewa."

"Basi nipe kompyuta yangu nzima."

"Hiyo ni sawa na kukodi jengo zima, Mama, utalifanyia nini? Kuna njia ya katikati. Wanachukua kompyuta moja kubwa sana, wanaigawa kwa programu iwe vipande vipande. Kila kipande kinajiona ni kompyuta kamili. Kina kumbukumbu yake, diski yake, na ufunguo wake. Jirani akiharibu kwake, kwako hakujatokea kitu. Inaitwa seva pepe binafsi. Sisi wa kazi tunasema VPS tu."

Mama alifikiri, akacheka. "Kwa hiyo jengo ni moja, lakini nina mlango wangu."

"Mlango wako, swichi yako, kufuli lako. Wewe peke yako."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo nitakutunzia mimi."

Hapo nieleze desturi ya kwetu, maana ndiyo iliyotufikisha tulipofika. Kwetu kila kitu cha maana kinaandikwa jina la mzaliwa wa kwanza. Kiwanja, mita ya maji, hata kaburi la baba, mwangalizi wake ni Mheshimiwa. Mama alinunua vitu kwa jasho lake, akaviandikisha kwa mwanawe, kisha akamwomba mwanawe ruhusa ya kuvitumia. Nilipowahi kuuliza kwa nini, nilijibiwa kwamba mkubwa ni mkubwa. Kwa hiyo akaunti ya seva ikafunguliwa kwa jina la kaka, kwa barua pepe ya kaka, na neno la siri likakaa kichwani mwa kaka. Kisha, akiwa mlangoni anaondoka, akasema neno ambalo nikilikumbuka nasaga meno. "Simu yako imejaa hayo marekodi, Mama. Yafute. Kule yako salama, ile mashine ni yako peke yako."

Mama akayafuta.

Kuna mambo kaka hakuyasema. Kwenye ukumbi wa pamoja kuna anayefagia na anayeangalia milango. Ukipata chumba chako, ufagio ni wako. Seva pepe ni yako kweli, na kwa sababu hiyo hakuna anayekuuliza unafanya nini ndani yake, hakuna anayekuziba nyufa, hakuna anayekuwekea nakala ya kudumu usipoomba, na anayeshika ufunguo mkuu anaweza kufanya lolote bila hata jirani kusikia kishindo. Kuwa peke yako na kuwa salama ni vitu viwili. Kaka alijua hivyo. Ndiyo kazi yake.

Zilipita siku nyingi za raha. Halafu zikaanza kuja lawama. Fundi mmoja alimwandikia mama: "Shikamoo Mama. Siku hizi milio yako yote ni mmoja. Nimefungua mingi, ni ule ule." Mwingine akaandika hivyo hivyo. Mama akampelekea kaka, maana ndiye mwangalizi, na kaka akajibu kwamba simu za watu zinashikilia mambo ya zamani, wazime wawashe. Mama mwenyewe alibonyeza vitufe vyake, akaona mstari wa sauti unatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, akaridhika. Alisema vijana wa siku hizi hawana masikio.

Na siku moja tovuti ikapotea kabisa. Kaka alisema ni matengenezo. Baadaye akasema ni nyaya za baharini. Baadaye akawa hapokei simu.

Mimi hufundisha watu kuendesha gari. Ni kazi inayotaka subira, na mimi subira nimeimaliza kwa wanafunzi, ya kuwapa ndugu haikubaki. Nilitafuta ofisi ya kampuni inayokodisha zile seva, nikaegesha gari la mafunzo mbele ya mlango wao, nikapanda ngazi. Nilimkuta dada wa huduma kwa wateja, amevaa visikizio shingoni, mpole mpaka nikamwonea haya kwa sauti niliyoingia nayo.

"Hiyo seva tumeisimamisha, dada yangu," alisema akisoma kwenye skrini. "Imetuma barua pepe taka nyingi mno. Matangazo ya mikopo, dawa za kupunguza unene, vitu vya aina hiyo."

"Mama yangu ana cherehani. Hata barua pepe moja hajawahi kutuma."

"Pengine. Lakini sisi hatuchungulii ndani ya seva ya mteja, tunaangalia mlango tu. Kinachotoka mlangoni kikiwa kibaya, tunafunga. Tumemwandikia mwenye akaunti, tena mara nyingi."

Neno la siri alilijua mtu mmoja tu. Yaani Mheshimiwa alikuwa amefungua biashara ndani ya chumba cha mama yake. Anawatumia watu matangazo kwa kutumia mlango wa mama, na seva inalipiwa na mama.

"Mfungulie mama basi," nikasema. "Nitamleta hapa kwa mkono wangu."

Alinitazama kwa huruma. "Mwenye akaunti ndiye aandike, aeleze kilichotokea, akiondoe, tutafungua. Asipoandika mpaka mwisho wa mwezi, diski inafutwa, anapewa mteja mwingine. Mama hawezi kutusaidia. Samahani sana, dada. Kwenye rekodi zetu, mama hayupo."

Mwanamke ambaye kila mlio mle ndani umepita kwenye sikio lake la mwisho, hayupo. Nilishuka ngazi nikiwa nimesahau hata kumshukuru yule dada, na hakuwa na kosa.

Nilimfuata kaka kazini. Aliponiona kupitia kioo alitoka haraka kabla sijaingia, akanishika kiwiko mpaka kwenye maegesho.

"Usiniletee aibu hapa."

"Aibu umejiletea. Andika barua, useme ni wewe, wafungue."

"Nitamfungulia Mama seva mpya," alisema. "Kubwa zaidi. Ina nafasi mara mbili ya ile."

"Ina nini ndani yake?"

"Nimeshakwambia, ina nafasi."

"Mama hahitaji nafasi! Anahitaji vitu vyake!"

"Sikiliza, wewe fundisha watu breki, haya mambo waachie wenyewe. Siandiki barua ya kujishtaki. Ile seva iache ifutwe, tuanze upya. Ni bora kwa wote."

Nikaona ajabu. Kaka ni mwoga wa aibu, hilo nalijua, lakini barua yenyewe ingesomwa na yule dada wa visikizio tu, basi. Kwa nini atake sana ifutwe? Nilidhani ni kiburi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia, nikaondoka kwa gia ya kwanza nikipiga kelele zote ambazo huwa nawakataza wanafunzi.

Mama nilimkuta chumbani anapangusa mashine. Nilimweleza yote kwa kupaza sauti sikioni mwake. Nilitegemea amtetee, kama kawaida yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mama yetu amemchelea huyu mwanawe maisha yake yote. Alipovunja dirisha la shule, mama alisema ni upepo. Alipofeli, mama alisema karatasi zimechanganywa. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, akaning'iniza kitambaa msumarini, akafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba, akaingia kwenye gari langu lenye kibao cha mwanafunzi juu.

Pale ofisini kwa kaka walimkaribisha kiti. Hakukaa. Kaka alipotokea, mama alisema, na mtu asiyesikia hajui sauti yake inafika wapi:

"Mwanangu! Andika hiyo barua! Sema ni wewe uliyetuma hayo matangazo, wanirudishie milio yangu!"

Watu wote waliinua vichwa kutoka kwenye kompyuta zao. Kijasho kilimtoka Mheshimiwa puani. Aliandika barua hapo hapo, amesimama, kwa simu yake, na mimi nikisoma juu ya bega lake kila neno.

Siku chache baadaye yule dada wa huduma alinipigia akasema seva imefunguliwa. Mama akamtaka kaka aje aiwashe tovuti kwa mkono wake, kwa kuwa ufunguo ni wake. Alikuja, nitakiri, ila alikuja amevaa viatu vya kuondokea. Alisimama karibu na mlango, akabofya bofya kwenye kompyuta ndogo ya mama, akasema, "Haya, imerudi, mimi nina kikao."

"Kaa!" alisema mama, uso umemng'aa. "Kaa mwanangu, tusikilize pamoja!"

Alivuta kiti, akabonyeza kitufe cha Sindano Iliyopinda. Mstari ukaanza kutembea. Mama akaufuata kwa kidole, akanigeukia mimi kama mwalimu.

"Huo! Unasikia? Kti, kti, kti. Ncha inagonga bati. Mdogo, mkavu."

Nilichosikia hakikuwa kti kti. Kilikuwa mngurumo mzito wa mkanda, na katikati yake jogoo akawika. Nikafikiri ni sikio langu la mtu asiyejua kazi. Mama akabonyeza Bobini Inayotafuna.

"Na huu je? Unatafuna uzi wa chini, halafu unameza. Chwa, chwa, kimya. Chwa, chwa, kimya. Huu ulinichukua siku nzima."

Mngurumo ule ule wa mkanda. Jogoo yule yule, akawika pale pale.

Akabonyeza Ndoano Iliyochelewa, akaueleza kwa mikono, jinsi ndoano inavyofika uzi ukiwa umeshapita. Jogoo akawika. Akabonyeza mwingine. Jogoo akawika. Mama akawa anacheka kwa furaha, anaonyesha mstari unavyotembea. Nilimtazama kaka. Alikuwa anatazama sakafu.

Sikupaza sauti. Nilisema kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mama haisikii tena. "Mingine iko wapi?"

"Diski ilijaa," alisema kaka, naye kwa sauti ya chini. Tulizungumza hivyo hivyo, mama akiwa kati yetu anabonyeza vitufe. "Matangazo yalihitaji nafasi. Hayo marekodi ndiyo yalikuwa mazito kuliko vyote. Nilidhani ana nakala kwenye simu."

"Wewe ndiye uliyemwambia afute simu."

Alifuta jasho la puani. "Niliacha mmoja, nikauelekeza kwenye vitufe vyote. Ili akibonyeza aone unatembea."

"Kwa sababu hasikii."

"Yalikuwa makelele tu ya mashine," alisema. "Kweli, mimi yote naona yanafanana."

Sijui ni kitu gani kilinizuia nisimrushie cherehani. Nilitoka nje nikampigia yule dada wa visikizio. Nikamwuliza kama wao hawana nakala ya zamani ya seva nzima. Akaniambia ipo moja, ya kila wiki, na ya wiki mpya hufuta ya wiki iliyopita. Ingawa huwa hawachungulii, aliifungua kwa huruma nikiwa kwenye simu, akabonyeza vitufe akanisikilizisha. Nilimsikia jogoo mara tatu. Nikamwambia aache, inatosha.

Niliporudi ndani, kaka alinisogelea. Macho yalikuwa mekundu, na sikumhurumia.

"Usimwambie," alisema kwa sauti ya chini. "Mtazame alivyofurahi. Hatajua, dada. Hawezi kujua. Ukimwambia utamuua."

Nilimtazama mama. Alikuwa amefika ukurasa wa pili, kidole kinafuata mstari, midomo inaigiza milio ambayo haikuwepo. Na nitasema kweli: kwa dakika moja nilijiuliza kama kaka hasemi sawa. Kisha nikawafikiria wale mafundi wa mbali wanaoweka simu juu ya cherehani na kumsikia jogoo, wakidhani Mama Sikio amewachezea. Nikafikiria kwamba huyu mtu, aliyepewa kila ufunguo wa nyumba yetu, sasa anataka ashike na huu, awe ndiye mwenye kuamua mama yake ajue nini. Nikamwambia, "Mwambie wewe."

Mama alikuwa ameona midomo yetu inatembea. "Mnasema nini?"

"Mama," alisema kaka, "milio imefutika."

"Eh?"

"Milio, Mama. Imefutika."

Mama alisogeza nywele, akamgeuzia sikio la kushoto. "Sema kwa nguvu, baba. Sikusikii."

Kaka alinitazama anisaidie. Nikamwonyesha kwa kidole lile sikio. Mlango ulikuwa wazi mtaani, mshona viatu yuko kwenye kiti chake, wanawake wawili wamesimama na vitambaa vyao wakingoja zamu. Kaka aliinama mpaka sikioni mwa mama, akapiga kelele:

"Nimeifuta, Mama! Milio yako! Nimeifuta mimi!"

Mshona viatu aliacha nyundo hewani. Mama hakusogea. Aliendelea kutazama kompyuta, mstari ukiwa umefika mwisho wake na kusimama. Nilidhani hakusikia tena. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayekagua mashine iliyoletwa:

"Ule wa Sindano Iliyopinda?"

"Nimeufuta, Mama!"

"Bobini Inayotafuna?"

"Nimeufuta!"

"Ndoano Iliyochelewa. Ule nao?"

"Mama, tafadhali..."

"Sikusikii."

"Nimeufuta, Mama!"

Hakuwa anamwadhibu, namjua mama yangu. Alitaka kujua, mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja aliupata mmoja mmoja. Aliyataja majina kwa kichwa, bila kutazama popote, na kwa kila jina kaka aliinama na kupiga kelele, mpaka sauti ikamkauka na watu wakajaa mlangoni. Alinigeukia mara moja kwa macho ya kuniomba. Nilivuta kiti nikakaa. Walikuwa bado wako kwenye magonjwa ya sindano, na magonjwa ya sindano ni ukurasa wa kwanza tu.